Kamba ya Pikapu

Tulitoka Nakuru Alhamisi asubuhi bila kujua tunakwenda wapi. Mama alikuwa amejifunga pesa kiunoni, ndani ya kitambaa, chini ya gauni. Mimi nilikuwa na kiondo chenye chupa ya chai, nusu mkate na spana mbili ambazo sikuwahi kusafiri bila hizo. Tulisimama pale njia ya Njoro inapoachana na barabara kubwa. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya ziwa, na garimoshi la mizigo lilikuwa likipanda polepole, likipumua kwa nguvu.

"Tutapanda lori la kwanza litakalosimama," Mama alisema. "Likienda Elburgon, twende Elburgon. Likienda kwingine, sawa tu."

Mimi maisha yangu yote nilikuwa nikiondoka namna hiyo, basi nilifurahi. Yeye hakuzoea. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani, na kila lori lililopita bila kusimama alilitazama kama limemkosea adabu.

Hakuwa mama yangu wa kunizaa. Pale mjini kila mtu alimwita Mama, hata waliomzidi umri. Alikuwa mjane wa mchukuzi wa reli, amezaliwa na kukulia katika nyumba za reli, na hakuwa amewahi kufuga hata mbuzi. Kazi yake ilikuwa kununua kabichi, karoti na viazi kwa watu wanaolima msituni huko juu, na kuviuza sokoni. Marehemu mumewe alimwachia pikapu moja kuukuu, na mimi nilikuwa dereva wake tangu mvua za mwaka uliopita.

Kwangu huo ulikuwa muda mrefu. Niliacha shule darasa la nne kwa sababu barabara ilipita nyuma ya darasa, na kila gari lililopita nilitaka kujua linatoka wapi. Tangu hapo nilikuwa nimekausha pareto, nimepakia magogo, nimesaga posho, nimefagia karakana ya Kalasinga mmoja, fundi wa kilemba, aliyenifundisha jina la kila chuma kilicho ndani ya injini. Kazi zote hizo niliziacha nilipoona nimeshajua zinavyofanyika. Udereva ulikuwa hauishi kujulikana, ndiyo maana nilikaa.

Sasa pikapu ilikuwa imekufa. Ilikufa wiki iliyotangulia kwenye kona ya Sachangwan, tukipanda bila mzigo. Krenki, ule mhimili wa ndani ya injini, ilivunjika kwa mlio ambao niliusikia miguuni kabla ya kuusikia masikioni. Tuliisukuma hadi kwenye hoteli ya mabati ambapo malori husimama kupoza rejeta, mwenye hoteli akakubali ikae nyuma ya jiko lake. Kuku wake walikuwa wamepanda kwenye kiti changu hata kabla hatujaondoka.

Ilikufa wakati mbaya. Tulikuwa tukienda kuchukua mzigo wa kwanza wa oda mpya. Mpishi mkuu wa hoteli moja ya Wazungu kando ya ziwa la Naivasha, mtu aliyeimba kwaya moja na marehemu, alikuwa amemwahidi Mama kwamba atanunua mboga zake kila Jumamosi. Kwa Mama oda hiyo ilikuwa mwisho wa kusimama sokoni kutwa nzima kwa miguu iliyovimba. Jumamosi ya kwanza hatukufika. Mpishi akatuma neno kupitia dereva wa basi: wiki moja amemficha Mama kwa meneja, amenunua kwa duka la Mhindi pale Naivasha. Wiki ya pili hawezi kumficha. Kwa hiyo tulikuwa na Alhamisi, Ijumaa, na Jumamosi yenyewe.

Tulikuwa tumeshajaribu mjini. Muuza magari mmoja, Mhindi mpole aliyetupa viti, alitueleza kwamba sheria ya wakati ule haikumruhusu kumkopesha Mwafrika pesa nyingi kiasi hicho bila sahihi ya afisa wa serikali, na afisa angeuliza shamba liko wapi. Mama alimwuliza kama kabichi si shamba. Yule bwana alicheka vizuri tu, akatutoa hadi mlangoni. Mwingine alikuwa na pikapu nzuri ya kijani, lakini alitaka pesa zote mezani, na pesa za Mama, pamoja na zamu yake aliyoomba mapema katika mchango wa wanawake wa sokoni, zilikuwa kama nusu. Ndipo Mama alipoamua kwamba aliye na gari la kuuza kwa mtu kama yeye hayuko mjini.

Lori lililosimama lilikuwa la mbao, linarudi tupu Elburgon. Dereva alimweka Mama mbele. Mimi nilipanda nyuma na matandiko ya maganda ya mti, nikafurahia zaidi, maana kutoka nyuma ya lori unaona ulikotoka. Tulipofika Njoro alisimama kununua sigara, nikateremka kumwuliza habari za magari. Alitaka kujua tunatafuta gari la namna gani. Nilimwambia lolote linalotembea.

"Basi nunua punda," alisema. "Hata hendeli ya kuwashia hahitaji."

Lakini alipomaliza kucheka alifikiri kidogo, akasema kuna mzee mmoja kwenye kijiji cha wafanyakazi wa msitu, kati ya Elburgon na Sachangwan. Alikuwa dereva wa kiwanda cha mbao miaka mingi, na mwenye kiwanda alipoleta malori mapya alimwuzia mzee pikapu ya zamani. Sasa macho yake yameanza kuona ukungu hata jua likiwaka. Pikapu imekaa tu. Kama ataiuza, dereva hakujua. Watu wawili walikwenda wakarudi mikono mitupu, na hakuna aliyeeleza kwa nini.

Tulifika kijijini mchana. Zilikuwa nyumba za mbao za mabaki, zimepangwa mstari mmoja, na nyuma yake viazi vilivyopandwa kati ya miche ya misunobari, kwa sababu watu wale waliruhusiwa kulima mahali miti ikiwa bado midogo. Mzee tulimkuta nje, anachonga mpini wa jembe kwa kupapasa. Alikuwa mrefu, na masikio yake yametobolewa kwa desturi ya kwao, upande wa Kericho. Pikapu ilikuwa imeegeshwa ndani ya zizi, pamoja na ng'ombe watatu.

Sikuwahi kuona gari limelala zizini. Nilitaka kuuliza mara moja, Mama akanikanyaga mguu.

Hatukuzungumza habari za gari kwa muda mrefu. Mke wa mzee alituletea maziwa ya kibuyu yenye rangi ya mkaa, na mzee akamwuliza Mama habari za mjini, za mvua, za watoto, za marehemu. Alitaka kujua marehemu alikufa kwa ugonjwa gani na pikapu yake ilikufa kwa ugonjwa gani, na yote mawili aliyasikiliza kwa uangalifu uleule. Mimi aliniuliza swali moja tu, kama nikiteremka mlima huwa naachia gia. Nilisema hapana. Akaniongezea maziwa.

Kisha akasimama, akaenda zizini, nasi tukamfuata.

Alituonyesha ile pikapu kama mtu anavyomwonyesha ng'ombe. Aliizunguka mkono wake ukiwa juu yake. Alifungua boneti, akatueleza historia yake: mabonde iliyovuka, mwaka iliokwama matopeni siku mbili ikatoka yenyewe, na kwamba haijawahi kukataa mlima. Ilikuwa ya chapa ileile kama yetu iliyokufa, ila ya toleo la nyuma kidogo, na mviringo wa taa zake ulikuwa kama macho ya mtu aliyeamshwa. Betri ilikuwa imekufa kitambo. Taa haziwaki. Mzee hakuficha lolote kati ya hayo.

Mama naye alianza kazi yake ya sokoni. Alisema mlango umefungwa kwa waya. Mzee akasema waya ni mpya. Alisema mbao za nyuma zimeoza. Mzee akasema msitu mzima umesimama pale, achague ubao. Alisema matairi yana upara.

"Na mimi nina upara," mzee alijibu. "Bado natembea."

Alianza na bei ya juu, elfu tatu na nusu. Mama akataja elfu mbili, kisha akageuka kutazama viazi kana kwamba ndivyo vilivyomleta. Walikwenda hivyo hadi kivuli cha zizi kikafika miguuni mwetu, na mwisho wakakutana kwenye elfu mbili na mia nane. Mama akasema ukweli: anazo kama nusu. Nilidhani hapo tumefika mwisho wa safari. Mzee akamkuna ng'ombe mmoja nyuma ya pembe. Ndipo alipotoa shauri ambalo hakuna muuza magari wa Nakuru angelifikiria. Nusu apewe sasa. Nusu nyingine ilipwe kwa safari: viazi vyake na vya mke wake, magunia yote ya misimu miwili, vipelekwe stesheni ya Molo bila nauli.

Mama alihesabu kichwani, midomo ikitikisika. Aliuliza petroli ni ya nani. Mzee alisema petroli ni ya mwenye gari. Mama alisema basi misimu miwili ni mingi, wafanye mmoja na nusu. Mzee aliuliza nusu ya msimu ni viazi vilivyoota au ambavyo havijaota. Hapo wote wawili walicheka, na misimu ikabaki miwili, ila magunia matupu yaletwe na mzee mwenyewe. Akaongeza sharti moja.

"Siku za safari, mimi nakaa mbele."

Mama alisema mbele ni mahali pake. Mzee alisema hajawahi kukaa nyuma ya gari lile na hataanza sasa. Wakakubaliana tutabanana watatu. Mimi sikuulizwa, na nilifurahi sana.

Mzee alitoa hendeli chini ya kiti, kile chuma kilichopindwa cha kuzungushia injini kwa mbele. Aliisukuma mahali pake kwa kupapasa, akazungusha mara mbili, na injini ikashika. Nikainamisha kichwa kuisikiliza. Kalasinga wangu alinifundisha kusikiliza kwa kuuma ncha ya bisibisi na kuegemeza ncha nyingine kwenye injini, nami nilifanya hivyo kwa spana, na sikusikia lolote la kutisha. Nilimpa Mama ishara. Mama akageukia ukuta, akafungua kitambaa, akahesabu. Mzee alizipokea kwa mikono miwili, akampa mkewe azihesabu, akazima injini. Kisha akaifuta ile hendeli kwa majani, akaingia nayo nyumbani. Alipotoka hakuwa nayo.

Bila hendeli, na betri imekufa, wala hakuna mteremko wa kuisukumia, pikapu ile ilikuwa zizi ndani ya zizi.

Nilimkumbusha kwa heshima. Akasema anajua. "Mimi nimeuza gari. Kamba hapana."

Kwetu, huko nilikozaliwa upande wa magharibi, ng'ombe huuzwa na kamba yake shingoni, na mnunuzi humvuta akaenda zake. Sikuelewa mzee anasema kamba gani. Mama alielewa kama mtu wa soko anavyoelewa: kwamba bei bado haijaisha. Alifanya jambo ambalo sokoni Nakuru lingekuwa la uungwana. Alitoa noti ya shilingi ishirini, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya boneti, akasema, "Hii ni ya hendeli, Mzee. Tusikosane kwa kitu kidogo."

Mzee aliitazama ile noti, au alitazama mahali alipoona inang'aa. Hakukasirika. Lakini uso wake ulifungwa, na akamwita mkewe kwa lugha yao. Mke akaja na pesa zetu zote, akazirudisha mkononi mwa Mama, na ile ishirini akaiweka juu.

"Mama, wewe umekuja kununua gari," mzee alisema. "Sasa unataka kununua boma langu. Hilo siuzi." Kisha, kwa sauti ileile, akatuambia jua limeshuka, tulale, tutaondoka kesho.

Mama alikaa kwenye kizingiti akavua viatu vya kanisani. Nilijua anachohesabu: Ijumaa, Jumamosi, mpishi, meneja, soko. Ningeweza kukaa karibu naye, lakini mimi nikiwa na wasiwasi lazima nitafute kitu cha kuuliza, basi nikaenda jikoni kumsaidia mke wa mzee kuvunja kuni.

Ndani kulikuwa na moshi, na juu ya meko, kwenye boriti, nikaona zimening'inia kamba. Zilikuwa kamba za ngozi, nyingi, nyeusi kwa masizi, nyingine laini kabisa kwa kushikwashikwa. Mwisho wa safu, imefungwa kwa uzi wa katani, ilikuwa ile hendeli.

Nilimwuliza bibi zile ni kamba za nini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa moto ni wa nini. Akasema ni za ng'ombe waliouzwa. Kamba ya mnyama haiuzwi. Ukimtoa mnyama na kamba yake, umefungua zizi, na wengine watamfuata, mmoja kwa kifo, mmoja kwa wizi, mmoja kwa utasa. Kwa hiyo anayenunua huja na kamba yake mwenyewe. Anamvalisha pale pale, na ya mwuzaji inarudi nyumbani. Ndivyo mtu anavyojulikana kwamba amekuja kununua, si kuiba bahati.

Nikamwuliza, na wale wawili waliokuja mwanzo?

"Mmoja alitaka kumpa mzee kuku kwa ile chuma," bibi alisema. "Mwingine alisema ataripoti polisi." Akageuza ugali. "Nyinyi watu wa mji, hamna kamba?"

Nilitoka nje karibu nikimbie. Nilimweleza Mama yote palepale kwenye kizingiti. Nilimwambia kwamba tulikuwa na kamba. Ilikuwa chini ya kiti cha pikapu yetu, kule Sachangwan, chini ya kuku. Chapa ni moja, tundu ni moja, hendeli itaingia.

Mama akasema hajawahi kutoa kitu ndani ya gari lile. Tangu mumewe afe, hata kitambaa chake cha kufutia kioo kilikuwa bado mahali alipokiacha. Nililijua hilo. Nilikuwa nikifuta kioo kwa mkono wa koti langu kwa sababu hiyo.

"Na gari limekufa, Mama," nilisema.

"Najua limekufa. Sikuomba mtu anitangazie." Lakini akaniambia nimwamshe mapema.

Ijumaa tuliondoka kabla umande haujakauka, yeye amevaa viatu vya raba alivyoazimwa na bibi. Njia ilipita katikati ya misunobari, kisha mashamba ya pareto ya Wazungu, meupe kama yametandikwa shuka, na wanawake wakichuma maua bila kutazama chini. Nilimweleza Mama jinsi pareto inavyokaushwa na kwa nini huua wadudu na haimwui mchumaji, na aliniacha niseme. Pale Sachangwan mwenye hoteli alitupokea kwa chai, akatuambia kuku mmoja ametaga ndani ya pikapu na kwa hiyo sehemu ya mayai ni yetu.

Mama aliingia ndani ya gari peke yake. Alikaa upande wa dereva. Aliondoa mayai, akayaweka kwenye kiondo, akatafuta chini ya kiti. Hendeli ilitoka na vumbi na manyoya. Mpini wake ulikuwa umesuguliwa na kiganja cha marehemu hadi ukang'aa, na alipoushika niliona vidole vyake vikikaa kwenye mikwaruzo ileile. Alichukua na kile kitambaa cha kioo, akaifutia. Kisha akashuka. Nilitaka kumbebea, akakataa. Aliibeba begani njia yote ya kurudi, na wachuma pareto safari hii walimtazama.

Mzee alikuwa amekaa palepale na mpini wake wa jembe. Nadhani alisikia chuma kabla ya kukiona. Mama alisimama mbele yake, akampa hendeli aishike. Mzee aliipapasa kutoka ncha hadi ncha, akakaa kidogo kwenye ule mpini.

"Hii ilikuwa ya mtu," alisema.

"Ya mume wangu."

"Alikuwa anatumia mkono wa kushoto."

Mama akasema ndiyo. Mimi sikuwahi kulijua hilo, wala sikuwahi kuuliza, mimi niliyeuliza kila kitu.

Mzee alisimama. "Sasa umekuja kununua gari," alisema.

Mengine yalikwenda haraka. Pesa zilirudi kwa bibi. Majirani wawili waliitwa wakasikilize makubaliano ya viazi, na mmoja wao, aliyejua kuandika, akaandika karatasi, mzee akaweka dole gumba, akatupa na kitabu cha gari cha kupeleka mjini kubadilishwa jina. Hendeli yetu ilichezacheza kidogo mahali pake. Ilibidi uisukume kwa goti huku ukizungusha. Nilizungusha mara nyingi kuliko mzee, nikatoa jasho, na watoto wa kijiji wakahesabu kwa sauti. Iliposhika, bibi alitoka na kibuyu, akamwaga maziwa kidogo juu ya rejeta na kidogo kwenye kila tairi. Harufu ya maziwa yanayoungua ilibaki nasi hadi Nakuru.

Kabichi, karoti na viazi tulinunua palepale kwa majirani kwa pesa iliyobaki na kwa ahadi. Mzee alitudhamini kwa neno moja. Usiku tulilala na mzigo umepakiwa.

Jumamosi niliteremka na gia, kama nilivyosema. Mama nilimwacha Nakuru, miguu imemshinda, akaniambia nimwombe mpishi msamaha kwanza kabla ya kumwonyesha kabichi. Nilipita mahali pengi ambapo nilikuwa nimewahi kufanya kazi, na kwa mara ya kwanza nilipita bila kusimama. Gilgil askari wa kizuizi walitaka pasi na kitabu cha gari, kwa maana hali ya hatari ya serikali ya kikoloni ilikuwa bado haijafutwa, wakachoma magunia kwa chuma kutafuta mtu, wakakuta viazi. Niliomba wasizime injini. Mmoja aliniuliza kwa nini gari linanuka maziwa. Nilianza kumweleza, akanipungia mkono niende.

Niliiona ile hoteli jua likiwa limeinama juu ya maji. Sikuwa nimewahi kufika upande ule wa ziwa. Mpishi alikuwa mlango wa jikoni, amevaa kofia nyeupe, na nilipotaka kuomba msamaha alishaanza kupasua kabichi kwa kisu. Aliikata katikati, akaitazama, akala jani.

"Mwambie Mama kila Jumamosi," alisema. "Na kabla ya saa sita. Meneja nimemwambia wiki iliyopita mvua ilikata daraja."

Nilimwuliza daraja gani. Alisema hata yeye hajui.

Giza lilikuwa linaingia, na pikapu haina taa, basi aliniambia nisirudi. Alinielekeza penye vibanda vya wavuvi na watu wa mashamba, kando ya maji, ambapo mama mmoja hukodisha vitanda kwa madereva. Nilifika taratibu, nikigonga mlango kwa kiganja kuwatoa mbuzi njiani. Nyumba yake ilikuwa ya matope na paa la madebe, mbele samaki wamening'inizwa kwenye waya. Alikuwa mwanamke mnene mwenye taa ya kandili. Bei yake alinitajia bila salamu, uji wa asubuhi ndani yake. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete hendeli."

Nilimwuliza ya nini. Aliinua kandili, akanionyesha nyuma ya mlango. Zilikuwa zimesimamishwa hendeli tatu, kila moja imefungwa kitambaa cha rangi yake. Madereva, alisema, hula, hulala, na alfajiri huondoka bila kulipa. Asiye na hendeli haondoki.

Niliona akili yake ni nzuri sana, na wakati mwingine ningekaa nimwulize nani alimfundisha. Lakini nilimwambia hii haiachwi kwa mtu.

"Kila dereva ana hadithi," alisema.

"Yangu ni ya kamba," nilisema, nikamlipa kitanda na uji palepale, na kwa wasiwasi wake nikampa na koti langu alishike hadi asubuhi. Alilipokea, akalinusa.

"Dereva gani huyu," alisema, akiwaambia wale wengine waliokuwa wakila samaki ndani, "anaacha koti kwenye baridi hii, analala na chuma."

Walicheka, wakanisogezea sahani. Kitanda kilikuwa cha kamba, godoro la majani ya mahindi. Niliweka hendeli karibu na kichwa changu, upande wa kushoto. Nje kitu kizito kilikuwa kikila nyasi karibu kabisa na ukuta, kikipumua kama gari linalopanda, na mvuvi mmoja akaniambia ni kiboko, nisiende kumtazama. Nilimwuliza kiboko hula nyasi kiasi gani kwa usiku mmoja. Alisema nilale.